Kubadilisha vibao vya mpini kwenye visu vya kukunja vya bei chini: maswali ambayo watu wananiulizaka kila wiki

Kila nikionyesha watu picha ya kisu nilichomaliza, maswali ni yale yale, na mi nimechoka kuandika jibu moja mara ishirini huku chai inapoa. Basi nimeyakusanya hapa. Mi si fundi wa visu, mi ni mtu wa Lubumbashi mwenye meza moja kwenye baraza, eto moja ya zamani ya kubania vitu, na visu vingi kuliko vidole vyangu. Nafanya kwa kupenda tu. Pale nilipoharibu nimesema, ili wewe ukaharibu kwingine.

Yaya, hivyo vibao unavyosemaka njo nini?

Chukua kisu cha kukunja, kifunge, kitazame kwa mgongo. Kimepangwa kama mkate uliotiwa kitu katikati: bapa limelala ndani, pembeni yake kuna bati mbili nyembamba, za chuma ao za shaba ya njano, na nje kabisa kuna vipande viwili ambavyo vidole vinashika, vya plastiki, mbao, mfupa ao pembe. Hivyo vya nje njo vibao. Waliosoma kwa Kifaransa wanaviita plaketi. Nguvu ya kisu inabebwa na bati za ndani pamoja na resori (springi) ya mgongoni, vibao ni nguo. Ndio maana unaweza kuvivua na kuvalisha vingine na kisu kikaendelea kukata kama jana. Lakini kuna visu ambavyo havina nguo, ngozi yenyewe njo nyama, na hapo watu wengi wanapotea, nitaeleza chini.

Juu ya nini unapoteza nguvu kwa kisu cha bei ya soda mbili? Si ununue kizuri?

Shika kisu cha bei kubwa mkono mmoja, mashine ya kutoboa mkono mwingine, halafu uniambie kama mkono hautetemeki. Kisu cha bei chini kinakupa ruhusa ya kuharibu. Mi cha kwanza kibao kilipasuka, cha pili nilikifunga kwa gundi mpaka leo hakijafunguka, cha tatu kilikaa lakini kuna nafasi kati ya kibao na bati inayoingia ukucha. Hicho cha tatu mama yangu anamenyea viazi mpaka leo na hataki nikichukue kukitengeneza upya.

Halafu kuna jambo lingine, ukichunguza visu hivi utaona kiwandani wamebania franga kwenye mpini kuliko kwenye chuma. Chuma chenyewe mara nyingi ni laini kidogo lakini kinanolewa haraka na kinafanya kazi ya nyumbani bila shida. Mpini sasa, plastiki yenye kona kali, inateleza ukiwa na maji mikononi, imetengenezwa kwa mkono wa mtu wa wastani ambaye hayupo popote duniani. Ukibadilisha vibao unakipa kisu mkono wako wewe. Mi nina vidole vinene, vibao vyangu navinenepesha katikati na kuvipunguza nyuma, na kisu kilichokuwa kinanichosha kwa kumenya viazi vitano sasa nakisahau mkononi.

Nianze na kisu gani?

Anza na kile chenye visi (skrubu) pembeni, hivi visu vya Kichina visivyo na jina vinavyouzwa kwenye meza za barabarani na kwenye soko la Kenya (namaanisha komini yetu ya Lubumbashi, si nchi). Visi zake nyingi zina kichwa cha nyota ya pembe sita, ndogo za vibao ni saizi T6, kubwa ya kwenye bawaba ni T8 mara nyingi. Tafuta turnevisi (bisibisi) ya nyota kabla hujagusa kitu, maana ukilazimisha na turnevisi bapa utakula kichwa cha visi na hapo mchezo umekwisha kabla haujaanza.

Sasa vile ambavyo watu wananileteaka na mi nawarudishia:

Okapi. Huyu kila mtu hapa amemwona, anapandaga kutoka kusini kupitia Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, mpini wa mbao wenye vinyota na miezi, na pete ya kuvuta ndio ufunge. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yao ya Afrika, na tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Mnyama mwenyewe okapi haishi msituni kwengine kokote isipokuwa Kongo yetu, na jina lake limezunguka dunia kwenye kisu cha watu wengine, lakini hayo tuache. Mpini wa Okapi ni kipande kimoja cha mbao kilichopasuliwa mfereji katikati. Hakuna vibao. Unaweza kuukwangua, kuupunguza kona, kuupaka rangi nyingine, ila kuubadilisha ni kuchonga mpini mzima na kugonga upya riveti (kile kipini cha chuma kinachopondwa ncha zote mbili) inayobeba bapa. Usianze nacho.

Opinel ya Wafaransa, ile ya Savoie iliyoanza 1890, ni hivyo hivyo, mti mmoja, na juu yake kuna ile pete ya kuzungusha waliyoiongeza 1955. Douk-Douk ya Thiers, Ufaransa pia, ya mwaka 1929 ndio kabisa, mpini ni bati moja iliyokunjwa, hakuna cha kuvua.

Victorinox yenye mpini mwekundu, ya milimita 91, hiyo inavulika vizuri sana. Vibao vyake vya plastiki havina visi wala gundi, vimebanwa tu kwenye vichwa vya riveti, unaingiza ncha nyembamba kwa nyuma, unainua polepole, tak, kimetoka. Shida ni kwamba ukichonga vya mbao lazima uvichimbie mashimo kwa ndani ya kumeza vile vichwa vya riveti, na kama unataka kijiti cha meno na koleo ndogo vibaki, uchimbe na mifereji yao. Mi nimeviacha, kijiti cha meno napata bure. Na angalia, sokoni kuna nyingi za kuiga, hizo vibao vimegandishwa na gundi na ukiinua kinatoka vipande vipande.

Ukishamaliza viwili vitatu vya visi, nenda kwenye vile vya zamani vya riveti. Huko njo kuna utamu.

Vifaa vinagharimu ngapi?

Kidogo kuliko unavyofikiri. Msumeno wa chuma, maana ule wa mbao meno yake ni makubwa yatapasua kibao. Tupa moja bapa na moja ya nusu duara, sisi tunasema lime. Msasa wa namba 80, 120, 240, 400, na 800 ukiwa na hamu ya kung'arisha. Nyundo ndogo. Meshi (zile ncha za kutobolea) mbili tatu nyembamba, nunua mbili mbili kwa sababu nyembamba zinavunjika. Kioo kinene ao kipande cha vigae kilichonyooka, juu yake unagandisha msasa, hiyo njo meza yako ya kusawazisha. Kubana vibao wakati gundi inakauka sinunui kitu, nakata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli kuwa kamba ndefu, nazungushia kisu kizima nikivuta, unabana kila upande kwa nguvu moja na hauachi alama.

Mashine ya kutoboa ya kuran (umeme) ni nzuri, ila kuran ikikatika meshi ikiwa ndani ya kibao na wewe umeegemea, utavunja meshi ao kibao, mi nilivunja vyote viwili siku moja. Nikanunua ile ya kuzungusha kwa mkono kwa mzee mmoja menizie (seremala) aliyekuwa anaacha kazi. Inakwenda polepole, unaona kila kitu, haichomi mti. Sikurudi nyuma.

Mti gani unafaa?

Usinunue mti. Pita kwa wamenizie wanaotengeneza vitanda na milango barabarani, uombe vipande vya chini ya meza, vile wanavyowashia moto. Kisu kimoja kinataka vipande viwili vya urefu wa kidole cha kati na unene wa milimita 5, utapunguza mpaka 3 ao 4.

Mi napenda mulombwa, unakatika vizuri, hautembei sana, una rangi ya asali iliyoiva. Mukula ni mwekundu kama damu na mzuri mno, lakini vumbi lake litapaka shati, mikono, na chai yako, na mti wenyewe umekatwa sana kwetu huku mpaka tangu 2019 uko kwenye orodha ya CITES (mkataba wa dunia wa kulinda miti na wanyama walio hatarini) ya miti ambayo biashara yake ya nje inasimamiwa. Vipande vya chini ya meza ya menizie, sawa. Usiende kukatisha mti kwa ajili ya mpini wa kisu. Wenge ni mweusi wenye mistari, mgumu, na vijiti vyake vikiingia kwenye ngozi vinauma na kuvimba. Kalitusi acha, unapinda na kupasuka kama hukuukausha miaka.

Kukauka njo siri yenyewe. Hapa kwetu mvua na kiangazi ni dunia mbili. Mti uliochukua mwezi wa pili, mvua ikinyesha kila siku, ukaubandika haraka haraka, subiri mwezi wa saba uone: umesinyaa, bati zimechomoza pembeni zinakata vidole. Kwa hiyo kata vipande kwanza, vipange na vijiti katikati hewa ipite, viache wiki kadhaa mahali pasipo na jua. Mwenye mizani ndogo apime kila wiki, uzito ukiacha kupungua mti umekauka. Mi naandika uzito kwa kalamu juu ya kipande chenyewe.

Na pembe ya ng'ombe? Mfupa? Pembe ya tembo?

Pembe ya ng'ombe ni nzuri na watu wa machinjio wanaitupa. Unaikata, unachemsha kipande mpaka kilainike, unakibana kati ya mbao mbili kikiwa moto na kukiacha mpaka kesho. Jiandae kwa harufu, ni nywele zinazoungua, jirani watauliza. Piga msasa ukiwa na maji. Mfupa uchemshe kwa maji ya sabuni mpaka mafuta yatoke yote, la sivyo utakuwa wa njano na kunuka baadaye.

Pembe ya tembo hapana. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku 1989, tembo wetu wamepungua sana, na mtu akikuletea "kipande kidogo tu cha babu" usikipokee.

Mukubwa, mi niko Lubumbashi, siwezi kuweka malakiti?

Unaweza, ila si kibao kizima. Malakiti ni jiwe laini, ukilikata jembamba la milimita 3 linavunjika kisu kikidondoka mara moja. Mi nachonga mfereji mdogo kwenye kibao cha mti, nasaga vipande vya malakiti vilivyobaki kwa wachongaji, najaza, namiminia gundi ya haraka, nasubiri, napiga msasa. Mstari wa kijani kwenye mulombwa, kaka, watu wanasimama. Lakini sikiliza: malakiti ni shaba ndani ya jiwe na vumbi lake ni sumu. Fanya kazi na maji kila wakati, funika pua, usifanye jikoni. Na kisu hicho usikioshe na ndimu wala siki, asidi inakula malakiti, utaona mng'ao wote umekufa.

Navuaje vibao vya riveti bila kuharibu kisu?

Kwanza funga bapa, zungushia skochi (utepe wa gundi). Halafu piga picha pande zote, na kila kipande unachotoa kiweke kwenye sahani kwa mpangilio. Niamini kwa hilo, kuna kipini kidogo cha kusimamisha bapa ambacho kikianguka kwenye mchanga wa uwanjani utakitafuta mpaka jioni.

Angalia riveti zipi zinashika vibao tu na ipi inashika bapa. Ya bapa iko karibu na kichwa cha chuma cha mbele, hiyo usiiguse, mara nyingi huna sababu ya kuigusa. Zile za vibao, chapa katikati ya kichwa chake na msumari, toboa kidogo na meshi kubwa kuliko riveti kwa kiasi cha kuondoa kichwa tu, halafu sukuma na msumari uliokatwa ncha. Kibao kikigoma kuna gundi chini. Plastiki ya zamani vunja tu kwa koleo, unaitupa hata hivyo.

Riveti mpya nazipata wapi?

Hili swali nalipenda kuliko yote. Tunaishi juu ya shaba, jimbo lenyewe liliitwa Shaba mpaka 1997, halafu mtu ananiuliza atatoa wapi kipande cha shaba cha sentimita mbili!

Nyaya za kuran za nyumbani, zile zenye uzi mmoja mgumu ndani. Omba mabaki kwa fundi wa kuran aliyemaliza nyumba, usinunue waya wenye historia. Sasa hapa watu wanakosea: namba iliyoandikwa kwenye waya si upana wake. Waya wa 2.5 maana yake ni milimita 2.5 za mraba ukiukata na kutazama uso wake, upana wake wa kweli ni milimita 1.78. Wa 4 una milimita 2.26. Wa 6 una 2.76. Ukitoboa tundu la 2.5 kwa waya wa 2.5 riveti itacheza kama jino la mtoto. Waya wa 2.5 nautobolea 1.8 nikipata meshi hiyo, nikikosa natoboa 2 na kuupiga zaidi ujae.

Waya unakuja umepinda pinda. Bana ncha moja kwenye eto, shika nyingine kwa koleo, vuta mpaka uusikie unalegea kidogo mkononi, basi, umenyooka kama rula. Kata urefu sawa na unene wa kisu chote pamoja na milimita moja ya ziada kila upande. Mlango wa tundu kwa nje upanue kidogo na meshi kubwa, kama kikombe kidogo sana. Weka kisu juu ya kipande cha reli ao chuma kizito, na sasa gonga. Usipige kama unapigilia msumari! Gonga kwa nyundo ndogo, nyepesi, ukizunguka ukingo wa shaba, tik tik tik, geuza upande wa pili, tik tik tik, utaiona inafunguka kama uyoga na kujaza kile kikombe. Shaba ikipigwa inakuwa ngumu, ukisikia sauti imebadilika, imekuwa kali, acha. Ukiendelea nguvu yote inakwenda kwenye mti, na mti utapasuka kwa mstari mmoja mzuri kutoka riveti hadi riveti. Kama imegoma kabla haijajaa ni bora kuitoa, kuichoma kwenye makala (mkaa) mpaka iwe nyekundu na kuitumbukiza kwenye maji, inarudi laini. Chuma kigumu ukikifanyia hivyo kinazidi ugumu, shaba ni kinyume.

Asiyetaka shaba achukue rayoni (spoki) ya baiskeli, nyingi ni milimita 2 kamili. Msumari wa kawaida pia unafaa ila utaota kutu chini ya mkono wenye jasho.

Matundu yangu hayalingani pande mbili, nakosea wapi?

Umepima kwa rula. Usipime. Bati ya ndani tayari ina matundu, tumia hiyo. Bana kibao kwenye bati, toboa tundu moja ukipitia kwenye bati, weka riveti bila kugonga, ndipo utoboe la pili. Ukitoboa yote kabla ya kuweka riveti ya kwanza kibao kitateleza nusu milimita na hutajua mpaka mwisho. Na chini ya kibao weka kipande cha mbao cha kutupa, meshi inapotokea upande wa pili inararua mti ikikosa kitu cha kuegemea.

Gundi gani? Naweza kutumia ile ya haraka?

Ya haraka ni kavu, kisu kikianguka inaachia. Tumia ile ya tyubu mbili unazochanganya, epoksi, na chagua ya kukauka polepole, ya saa 24, si ya dakika tano, ya polepole inashika zaidi na kuvumilia maji. Mwezi wa sita na wa saba usiku wetu ni baridi, gundi inachelewa, ipe siku mbili ao iweke ndani karibu na mahali penye joto. Kabla ya kupaka kwangua bati na msasa wa 80, futa na alikoli, na baada ya hapo usiiguse na vidole. Na usikamue sana, gundi yote ikitoka nje hakuna kilichobaki cha kushika.

Sasa kisu changu cha pili. Nilipaka kwa ukarimu, nikafunga mpira, nikaenda kulala nikiwa na furaha. Gundi ikatembea usiku kutoka chini ya kibao, ikaingia kwenye bawaba, asubuhi nikawa na kipande kizuri sana cha mti mwekundu chenye bapa ambalo halitatoka tena. Tangu siku hiyo nasugua mshumaa ao vaselini kwenye bawaba na resori kabla ya gundi, napaka gundi kidogo kando ya bawaba, na baada ya kubana nafungua kisu na kufuta pembeni zote na kitambaa chenye alikoli. Nusu saa baadaye natazama tena.

Kisu cha visi usitie gundi kabisa. Visi inatosha, na siku utataka kukisafisha utanishukuru.

Nimemaliza lakini kisu hakifungi, ao bapa linakwaruza.

Kama ni cha visi, karibu kila mara ni visi ndefu. Vibao vyako vipya ni vyembamba kuliko vya zamani, visi ile ile sasa inatokea upande wa pili na kugusa bapa. Ipunguze na tupa. Kama kisu kinajifunga kwa ulimi wa bati unaosukumwa na kidole gumba, tazama kama kibao hakiuzibi: ule ulimi lazima uwe na nafasi ya kutembea, na kidole chako lazima kiufikie. Chonga kibonde kidogo pale. Kisu ambacho ulimi wake haukai vizuri usikitumie, kitakufungia kwenye vidole.

Kama bapa ni gumu tu, legeza visi ya bawaba kidogo sana, robo ya mzunguko ni nyingi. Vumbi la msasa nalo linaingia, osha na petroli (mafuta ya taa), tia tone la mafuta ya mashine.

Namalizia na mafuta gani?

Mafuta ya lin (ya mbegu za kitani) yaliyochemshwa, matabaka matatu membamba, siku moja katikati, halafu nta ya nyuki. Kitambaa ulichopakia usikikunje na kukitupa kwenye kona, mafuta ya lin yakikauka yanatoa joto na kitambaa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje ao kitie kwenye maji.

Na tafadhali, si mawese. Kuna kijana aliniletea mpini aliopaka mawese kwa sababu rangi ni nzuri, kweli rangi ilikuwa nzuri, lakini mawese hayakaukagi, kisu kilikuwa kinanata, kinakusanya vumbi la mfukoni na kunuka kama sufuria la juzi.

Vumbi lina shida?

Lina shida. La mti linachokoza pua na kifua, la mfupa, la pembe na la malakiti ndio baya zaidi. Barakoa, maji, na kazi ifanyike nje.

Naweza kutembea nacho mjini?

Mi visu vyangu vinabaki nyumbani, jikoni na shambani. Kwenye kizuizi cha usiku hakuna atakayekusikiliza ukimweleza kuhusu mulombwa na riveti za shaba, na uwanja wa ndege kisu kiwe kwenye mzigo wa chini.

Unauza?

Nagawa. Nikihesabu saa zangu kisu cha dola tatu kingekuwa cha arobaini, na nani atanunua?

Kibao kimepasuka baada ya mwezi, nitupe?

Hapana. Toa riveti kama nilivyosema juu, na gundi ilegeze kwa joto: pasi ya moto juu ya kibao, kitambaa katikati, dakika chache, halafu ingiza wembe wa zamani polepole kati ya kibao na bati. Bapa lenyewe usilipashe moto, chuma kitapoteza ugumu wake. Safisha bati, kata kibao kimoja kipya, ukitaka vifanane ukate kutoka kwenye mti ule ule. Kwa hiyo kabla hujaanza kisu chochote weka kando kipande cha akiba, nyuma yake andika ni cha kisu gani. Mi sikuandika, na leo nina boksi zima la vipande vyekundu vinavyofanana kama watoto wa mama mmoja, na kila nikitafuta cha kulinganisha natoka nje navyo vyote kwenye jua, napaka mate kimoja kimoja nione rangi.